Bei ya Mwisho Dukani kwa Kazadi

Bei ya mwisho ilikuwa dola themanini na tisa, na Tata Mukalay alijua, kama alivyolijua jina lake la ubatizo, kwamba haikuwa ya mwisho.

"Chini ya pale," alisema Kazadi, akipangusa mikono kwa kitambaa kilichokuwa na grisi zaidi kuliko mikono yenyewe, "utakuwa unaniomba nikuuzishie ngozi yangu, Tata."

"Ngozi yako mi nitafanya nayo nini? Imesha kuzeeka. Mi nataka kinga. Makumi sita na mbili."

"Makumi sita na mbili! Mama Valérie, unasikia? Juzi alikuwa ku makumi sita na moja. Huyu muzee anakimbia mbio, ataanguka!"

Ng'ambo ya njia, nyuma ya mafungu yake ya makala, yaani makaa ya kupikia, Mama Valérie aliinua uso uliojaa masizi, akacheka kwa meno yote. "Mi nasema ile kinga itazaa kabla hamuyamaliza. Miezi munane! Batu banaoana, banaachana, ninyi mungali ku bei."

Baiskeli yenyewe, kinga kama wanavyoiita Kolwezi, ilining'inia juu ya vichwa vyao kwenye ndoana. Ilikuwa ya buluu, ya chuma kizito. Kibebeo chake cha nyuma kilikuwa kimeunganishwa kwa nondo ya unene wa kidole, na spoki zake zilikuwa nene, za kubeba magunia mawili bila kulalamika. Ilikuwa imekaa pale juu muda mrefu hata watu wa soko wakasema kuna buibui aliyezaliwa kwenye gurudumu la nyuma, akaoa kwenye gurudumu la mbele, akastaafu kwenye usukani. Mukalay hakupinga. Buibui huyo alimfahamu.

Yeye mwenyewe alikuwa mstaafu. Miaka thelathini na moja alisimama mbele ya tanuru la fonderi ya kampuni akiyeyusha shaba, hadi nyusi zake zikaungua zikakataa kuota tena, na ndiyo maana daima alionekana kama mtu aliyeshangazwa na bei. Kolwezi nzima ilijua hakuna aliyewahi kumuuzia kitu kwa bei ya kwanza. Walisimulia kwamba wakati fulani alibishania jogoo hadi jogoo akawa mzee, akanunua supu. Uongo mtupu, lakini ulimkaa vizuri kama koti la kushonewa. Ukweli ni kwamba alilipa bei ya kwanza mara moja tu maishani, na ilikuwa kwa jeneza la mkewe, Agnès.

Miezi minane nyuma alikuwa amefika kwa Kazadi na nia ya kweli kabisa. Miguu ilikuwa imeanza kumsaliti, na makaburi yako mbali. Kazadi alisema mia moja na ishirini. Yeye akasema makumi tano. Kazadi akashika kiuno, akatazama mbingu, kisha akavuta kigoda cha mbao chenye miguu mitatu, akakigonga chini kwa nguvu, akasema, "Ikala kwanza."

Akakaa. Waliongea bei, wakaongea bei ya zamani, wakaongea mvua, wakaongea mtu mmoja wa Kisenge aliyebeba mawe ya manganezi kwa baiskeli, mazito hivi kwamba alipopita, barabara ilipinda, na mpaka leo ile kona iko. Mukalay aliposimama, jua lilikuwa limevuka utosi, na alikuwa amepitisha asubuhi nzima bila kuisikia nyumba yake. Maana nyumba ile ilikuwa na sauti. Tangu Agnès aondoke, ilikuwa inalia mlio mwembamba wa sufuria ambayo hakuna aliyeigusa.

"Nitakuya kesho," alisema siku ile.

"Kesho bei itakuwa ileile."

"Tutaona."

Dola alizokuwa nazo ndani ya kopo la maziwa zilitosha tangu siku ya pili.

*

Naomie alipiga simu siku ya Jumatano, jua la alasiri likiwa mlangoni. Alikuwa bintiye wa pekee aliyebaki, akifanya kazi ya ofisini Lubumbashi, na alikuwa na tabia ya kuongea upesi, kana kwamba maneno yanamsubiri nje kwenye teksi.

"Papa! Niko na sirprizi. Nilikununulia kinga."

Mukalay alikuwa ameshika kikombe cha chai. Akakiweka chini.

"Kinga gani?"

"Mupya! Nyeupe, ya vitesi makumi mbili na moja, ya kupanda mulima na ya kushuka. Imesha kufika Kolwezi. Kila wakati ninapiga, unaniambia niko kwa Kazadi, tuko ku bei, tuko ku bei. Miezi munane, papa! Nilisikia huruma. Nikafungua telefone, nikachagula, nikalipa. Dakika tatu."

"Dakika tatu?"

"Hata haikufika tatu."

"Uliongea na nani?"

"Sikuongea na muntu, papa. Ni kufinya tu."

Mukalay alifikiri. "Balianza na ngapi?"

"Nani?"

"Banaouzisha. Balianza na bei gani?"

"Bei ni moja tu, papa. Iko imeandikwa. Mia moja na makumi tatu."

"Na wewe ukasema ngapi?"

Upande wa pili Naomie alicheka, kicheko cha mama yake kabisa, na Mukalay akaisogeza simu mbali na sikio kidogo, kisha akairudisha upesi asije akakipoteza. "Papa wangu ee! Sasa hautasumbuka tena na kwenda pale kila siku. Ikala ku nyumba, pumuzika. Uko na furaha?"

Angemwambia nini? Mtoto amebana mshahara wake, amemtoa baba yake kwenye taabu. Utamwambiaje mtoto kwamba taabu ile ndiyo iliyokuwa inakuamsha asubuhi, ikakunyoa ndevu, ikakuvalisha shati?

"Furaha mingi, mama," alisema. "Aksanti sana."

Simu ilipokatika, nyumba ikaanza ule mlio wake.

*

Kwenye wakala wa mizigo walimkalisha benchi pamoja na watu wenye simu. Kijana wa dirishani aliitwa Glodi. Jina lilikuwa limeandikwa kifuani mwake, kama vile naye alikuwa mzigo wa mtu.

"Code, papa."

"Nini?"

"Code. Ya mesaji. Ilitumwa ku telefone."

"Mi niko Mukalay. Jina iko pale ku karto, minaisoma toka hapa."

"Jina haitoshi, papa. Bamukalay bako bengi."

Watu wa benchi walicheka kidogo, si kwa ubaya. Mukalay alitoa simu yake ndogo ya vitufe, akaifinyafinya, ikamwonyesha saa. Ilibidi ampe Glodi aitafute ile code mwenyewe, na Glodi akapita kwenye mesaji zake zote. Hazikuwa nyingi: za kampuni ya simu, tatu za Naomie, na moja ya zamani sana iliyoandikwa LETA CHUMVI, ambayo Mukalay hakuwahi kuifuta. Glodi alisimama pale sekunde moja, akapita bila neno. Kwa hilo Mukalay alimshukuru moyoni.

Akasaini. Karto ikaletwa, boksi refu na bapa, kama mlango.

"Na matabishi?" aliuliza.

Glodi alimtazama. "Matabishi ya nini?"

"Kijana, muntu akinunua, anapewa kitu juu yake. Ukinunua samaki, banakuongezea moja ndogo. Ukinunua kinga, pampu, ao hata kitambaa ya kupanguzia. Kama hapana matabishi, biashara haijaisha."

"Papa, hapa hatuuzishe. Tunapokea na tunatoa."

"Basi aliyeuzisha ni nani?"

"Ni site, papa."

"Iko wapi?"

Glodi alifungua mkono, akauonyesha hewani, upande wa dari, upande wa barabara, upande wa vilima vya mchanga wa Kingamyambo vilivyokuwa vikifuka vumbi kwa mbali. Kote huko.

Mukalay alimlipa mwenye mkokoteni, na akamwambia asipite sokoni. Wakazunguka nyuma ya shule na nyuma ya kanisa, njia ndefu mara tatu ya ile ya sokoni, wawili wakisukuma mlango usio na nyumba.

*

Siku mbili Mukalay aliendelea kwenda kwa Kazadi kama kawaida. Alifika sitini na nne, Kazadi akashuka hadi themanini na saba. Lakini ulimi wake ulikuwa umepoteza chumvi. Alipotukana spoki alizitukana kwa adabu. Kazadi alisema, "Tata, leo hunitukani vizuri. Uko mugonjwa?" Akajibu ni tumbo.

Nyumbani, sebuleni, karto ilikuwa imefunguliwa, na baiskeli nyeupe ililala sakafuni vipande vipande. Karatasi ya maelezo ilikuwa na michoro ya mtu asiye na uso akifunga skrubu huku ametabasamu; asiye na uso, lakini ukimtazama ulijua anatabasamu. Mukalay alifunga usukani. Alifunga gurudumu. Alifunga kiti. Chuma kilikuwa chepesi hata akakilamba kidogo kwa ncha ya ulimi, tabia ya fonderi, akatema. Aluminiamu. Sufuria yenye magurudumu.

Akabakiwa na pedali. Kwa pedali unahitaji ufunguo mwembamba, namba kumi na tano, na ufunguo huo Kolwezi nzima hauazimwi ila na mtu mmoja.

"Kle ya kumi na tano?" aliuliza Kazadi.

"Ya robine. Ile ya uwanja. Inatiririka."

Robine ya uwanja wa Mukalay haikuwa imetoa tone la maji tangu mwaka wa uchaguzi uliopita, na Kazadi alilijua hilo kwa sababu malalamiko yake yalikuwa yamejaza asubuhi nne nzima pale kigodani. Lakini alinyoosha mkono, akauondoa ufunguo kwenye msumari, akampa.

"Urudishe kesho."

Pedali ya kulia iliingia kama mguu kwenye kiatu cha zamani. Ya kushoto ikakataa. Mukalay aliisukuma kulia, ikakwaruza. Akaisukuma tena. Mtu wa miaka thelathini na moja kiwandani hashindwi na skrubu. Chuma kikikataa, kinaongezewa nguvu. Alipiga goti juu ya ufunguo, akavuta pumzi, akakaza kwa uzito wa mwili wote. Kitu kikalegea ghafla, kikazunguka ovyo, na kutoka kwenye tundu zikadondoka nyuzi nyeupe za aluminiamu, laini, zinazong'aa, kama nywele za mzee.

Alikaa sakafuni kando yake. Kama kungekuwa na mtu chumbani, mtu yeyote, hata mjinga, angemwambia: tata, ya kushoto inafungwa kinyume. Agnès asingejua habari za pedali, lakini angesema, "Acha kwanza, kula," na angekula, na akili ingerudi.

*

Asubuhi alirudisha ufunguo. Alikuwa ameupangusa, lakini macho ya miaka sitini na minane hayaoni kama zamani.

Kazadi alikwenda kuutundika, akasimama. Akauleta kwenye mwanga. Akapitisha ukucha kwenye meno ya ufunguo, akatoa uzi mdogo mweupe, akauweka juu ya meza kati yao.

"Robine yako," alisema polepole, "ni ya aluminiamu?"

Robine ni ya shaba ya njano. Hata mtoto wa Kolwezi anayenyonya anajua hivyo. Mtu mwingine angeweza kudanganya, angesema rangi, angesema plastiki. Lakini Mukalay alikuwa mtu wa metali, na mbele ya metali ulimi wake haukujua uongo.

"Pedali ya kushoto," alisema Kazadi.

"Ya kushoto."

"Ulikaza upande wa kulia."

"Kwa goti."

Ng'ambo ya njia Mama Valérie alikuwa ameacha kupanga makala.

"Ni Naomie," alisema Mukalay. "Ni mutoto. Alinitumia, mi sikuomba. Ndugu Kazadi, mi sikuomba ile kintu. Ilikuya na karto. Nilipita nayo nyuma ya kanisa."

"Nyuma ya kanisa," Kazadi alirudia. "Kama mwizi."

"Kama mwizi."

Kazadi hakupaza sauti. Laiti angepaza. Alichukua fimbo ndefu yenye kulabu, akaitoa baiskeli ya buluu kwenye ndoana, taratibu, akaishusha mpaka magurudumu yakagusa sakafu kwa mara ya kwanza baada ya miezi minane. Vumbi lilianguka kama unga. Buibui, kama alikuwepo, alibaki bila makao.

"Jana ulisema ngapi?"

"Kazadi..."

"Jana, Tata. Mbele ya Mama Valérie. Ngapi?"

"Makumi sita na ine."

"Basi. Makumi sita na ine. Leta."

Yeyote aliyewahi kununua hata nyanya anaijua sheria hii: bei uliyoitaja mwenyewe, mwenye mali akiikubali, huwezi kuruka nyuma. Ukiruka, wewe si mnunuzi, ni mpita njia mwenye kelele, na hakuna atakayekubishia tena kutoka pale mpaka kaburini. Akilipa, biashara imekwisha. Asipolipa, imekwisha vibaya zaidi. Alikitazama kigoda. Kilikuwa pale pale, miguu mitatu, na katikati mbao ilikuwa imeng'aa kwa suruali yake.

"Juu ya nini unanifanyia hivi?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Kwa sababu ya sufuria moja ya nyeupe? Nifokee. Nitukane. Panda bei mupaka mia mbili! Mi nitakuya kesho, tutaanza mupya."

Ndipo Kazadi akakaa juu ya tairi, akaonekana mzee kuliko alivyokuwa asubuhi.

"Kesho hapana mingi, Tata. Siku ya Posho ninaenda."

"Unaenda wapi?"

"Sandoa. Kwa Jémima, mutoto wangu. Banalima mihogo, bako na nafasi." Alionyesha duka kwa kidevu: rafu tupu, minyororo miwili, kengele moja. Mukalay, aliyekaa humo kila asubuhi miezi minane, aliona kwa mara ya kwanza kwamba rafu zilikuwa tupu. "Benye makuta ku mufuko banapanda moto, zile pikipiki. Benye telefone banafinya. Tangu Pasaka kinga sijauzisha hata moja. Jémima ananiita tangu miezi mine. Minamwambia, ngoya kidogo mama, kuko kliyan mumoja wa kinga sijamumaliza."

Mama Valérie, ng'ambo, alipiga chafya kwa sababu ya makala, akajifuta macho kwa upindo wa kitenge, akalaani vumbi.

Mukalay alikwenda nyumbani, akafungua kopo la maziwa, akarudi. Njia ile hakuwahi kuiona ndefu vile. Alihesabu dola moja moja juu ya meza, na Kazadi hakuzichunguza kwenye jua kama desturi ilivyo.

"Bado matabishi," alisema Mukalay.

"Twaa pampu. Iko mupya."

"Hapana pampu."

"Kengele?"

"Kigoda."

Kazadi alifumbua mdomo, na kwa mara ya mwisho dukani humo alishika kiuno, akatazama mbingu. "Unasikia, Mama Valérie? Nimesha kumupa kinga bule, sasa anataka na viti vya nyumba! Huyu muzee!" Lakini alikuwa amekwisha kuinama na kamba ya mpira mkononi, akikifunga kigoda juu ya kibebeo cha buluu, miguu ikiangalia juu, akizungusha kamba mara nyingi kuliko inavyohitajika.

*

Ijumaa Kazadi alikwenda nyumbani kwa Mukalay, akaitengeneza ile nyeupe. Alitoa mkono wa pedali ulioharibika, akaweka wa chuma kutoka mzigo wake wa mwisho, akaifunga pedali ya kushoto kwa kuizungusha kinyume, polepole, ili Mukalay aone. Hakutaja bei. Hilo lilimuuma Mukalay kuliko tusi.

Jumamosi, siku ile ya Posho, lori la Sandoa lilijaa magunia ya chumvi, magodoro, na watu juu yake. Kazadi alikaa kileleni kama jogoo juu ya paa. Mukalay alisimama chini akishikilia baiskeli ya buluu kwa usukani.

"Kazadi! Ile kinga inafaa makumi munane. Nilikuwa ninakudanganya!"

"Mi niliitwaa makumi ine na tano, Tata!"

"Mwizi!"

"Nilikushinda na kumi na kenda, shi! Utakufa na njala mi niko nakula yako!"

Abiria walicheka. Lori likanguruma, likaachia moshi, na Kazadi akawa kofia, kisha nukta, kisha njia ya Sandoa tu.

*

Juma lililofuata Mukalay alikuwa na baiskeli mbili na hakuwa na mahali pa kwenda. Alikwenda makaburini Jumatatu kwa ya buluu. Alikwenda Jumanne kwa ile nyeupe, kwa haki. Alimwambia Agnès habari zote, na Agnès, kama alivyokuwa tangu zamani kuhusu mambo ya baiskeli, hakuwa na maoni. Naomie alipiga simu akauliza inakwendaje, naye akasema inakwenda kama malaika, na hiyo ilikuwa kweli, kwa sababu ilikuwa haigusi ardhi vizuri.

Jumatano alinyoa ndevu, akavaa shati, akafika mlangoni, akasimama. Alisimama muda mrefu. Nyumba ilikuwa ikilia mlio wake nyuma yake, mwembamba, bila kupumua. Kisha akarudi ndani, akachukua waya, akapanda juu ya kigoda, na akaitundika ile nyeupe kwenye boriti ya baraza, mbele ya njia.

Wa kwanza alikuwa kijana wa machimbo, buti zake nyekundu kwa udongo, mfuko wa shati umevimba. Alikuwa ameuza gunia zuri la madini.

"Papa, ile kinga ni ngapi?"

Moyo wa Mukalay ulipiga. "Mia moja na makumi mbili!"

"Sawa." Kijana akatoa noti, akaanza kuzitenganisha. "Ishushe."

Mukalay alipauka. "Sawa vipi? Kijana, sikia kwanza. Hiyo bei... Nilisahau vitesi. Ni mia tatu."

"Mia tatu?"

"Mia ine! Ukisimama pale inapanda."

Kijana alimtazama uso, akatazama nyusi zisizokuwepo, akarudisha noti mfukoni. "Papa, weye hauuzishi kinga," alisema, akaenda zake akitikisa kichwa.

Mukalay alibaki peke yake barazani, aibu imemchoma mashavu. Sheria ile ile aliyoilipia dola sitini na nne, ameivunja mchana kweupe mbele ya nyumba yake. Kuku wa jirani walipita. Kivuli cha gurudumu kilisogea kutoka ukutani hadi sakafuni. Hakuna aliyekuja. Jua lilipofika utosini alinyoosha mkono kuifungua ile waya.

"Sasa mi ninunue wapi makelele?"

Alikuwa Mama Valérie, gunia la makala kichwani, shingo imenyooka, jasho limechora njia kwenye masizi. Aliliteremsha chini kwa mguno, akashika kiuno, akaitazama baiskeli kuanzia juu hadi chini kama mtu anayetazama mkwe asiyefaa.

"Tangu mulifunga, ile njia iko kimya kama kaburi. Batu bananunua makala, banalipa, banaenda. Ni ngapi hii fimbo ya meno?"

Mukalay aliiachia waya. "Mia moja na makumi mbili, mama."

"Makumi tatu."

"Makumi tatu!" Sauti ilimtoka kwa nguvu hata kuku wakaruka. "Makumi tatu ni gurudumu moja! Ni kengele!"

"Haina kengele. Na haina kibebeo. Makala nitaweka wapi, ku masikio? Makumi tatu ni heshima tu, juu uliachwa na rafiki."

Mukalay alitazama mbingu. Zilikuwa pale pale zilipokuwa zikitazamwa na Kazadi, hazina msaada wowote kuhusu bei. Alikwenda ukutani, akakichukua kigoda, akakipangusa kwa mkono wa shati, akakigonga chini kwa nguvu mbele ya yule mama.

"Ikala kwanza," alisema.